Ganzi ipi inafaa kung'olea gego la chini?

SWALI

Kwako Daktari,

Salaam. Mimi ni mama wa miaka 51 na ni msomaji wa siku nyingi wa safu yako. Nina gego moja la chini, upande wa kulia, ambalo limeoza hadi likabaki ukuta wa upande mmoja tu, na wiki hizi fizi inayolizunguka imevimba na inauma kila ninapotafuna. Daktari wa meno niliyemwona alilipiga picha, akanieleza kwamba halizibiki tena na kwamba njia iliyobaki ni kuling'oa. Kwa hilo sina ubishi. Kinachoninyima usingizi ni sindano ya ganzi.

Miaka kadhaa iliyopita niling'olewa gego la upande wa kushoto. Nilichomwa sindano, nikasubiri kidogo, lakini daktari alipoanza kulitikisa jino nilisikia maumivu makali hadi nikamshika mkono. Akaongeza dawa. Mara tu baada ya sindano hiyo ya pili moyo ulianza kwenda mbio, mikono ikatetemeka na jasho likanitoka. Hali hiyo ilipita baada ya muda mfupi na jino likatolewa, ingawa maumivu hayakuisha kabisa. Mhudumu mmoja aliyekuwepo aliniambia kwamba huenda nina mzio wa dawa ya ganzi, na tangu hapo ndivyo ninavyojieleza kila ninapoulizwa.

Safari hii daktari ametaja dawa tatu, yaani lidokaini yenye adrenalini, atikaini, na mepivakaini isiyo na adrenalini, akasema ataamua siku yenyewe baada ya kuiona fizi. Nilipoyasimulia haya nyumbani, kila mtu akawa na lake. Kaka yangu, ambaye aliwahi kupasuliwa gego la mwisho lililokwama ndani ya taya, ananisisitiza nidai bupivakaini kwa kuwa yeye ilimkaa hadi usiku. Shemeji yangu amesoma kwamba atikaini ni ya asilimia 4 ilhali lidokaini ni ya asilimia 2, kwa hiyo anaamini kwamba atikaini ina nguvu maradufu. Mimi nina shinikizo la damu. Natumia amlodipini kila siku na vipimo vyangu huwa karibu na 140/85, nami nahofia kwamba adrenalini itanipandisha presha nikiwa kwenye kiti.

Naomba unieleweshe. Kati ya dawa hizi, ipi ni bora kwa jino kama langu? Je, ni kweli nina mzio? Adrenalini ni hatari kwangu? Na kwa kuwa mjukuu wangu wa miaka 7 naye ana jino la utotoni linalotakiwa kung'olewa, je, atapewa ganzi hii hii tunayopewa watu wazima?

Ni mimi, mama mwenye hofu.

JIBU

Mama, pole sana kwa maumivu uliyo nayo na kwa yale yaliyokupata mara ya kwanza. Nitaanza na jibu lenyewe, kisha nitakupa sababu zake, kwa kuwa sababu ndizo zitakazokusaidia kuzungumza na daktari wako. Kwa gego la chini la mtu mwenye shinikizo la damu linalodhibitiwa kwa dawa kama lako, chaguo ambalo ningelianza nalo ni lidokaini ya asilimia 2 yenye adrenalini kidogo, ikichomwa karibu na mshipa mkuu wa fahamu wa taya la chini, na kuongezewa atikaini kando ya jino kwa upande wa shavu iwapo lidokaini peke yake haitatosha. Mepivakaini isiyo na adrenalini ningeiweka akiba. Bupivakaini nisingeitumia kwa jino lako. Hata hivyo, nakuomba uliweke akilini jambo moja ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi: ganzi inaposhindwa kufanya kazi kwenye gego la chini, mara nyingi lawama haiiangukii dawa, bali mahali ilipochomwa na hali ya nyama iliyoizunguka. Ukibadilisha dawa bila kuyarekebisha mambo hayo mawili, unaweza kupata maumivu yale yale kutoka kwenye kichupa chenye jina jingine.

Dawa zote ulizozitaja ni za ukoo mmoja na hufanya kazi kwa namna moja. Mshipa wa fahamu, au neva, hupeleka taarifa ya maumivu kwa kuruhusu chembe za sodiamu kuingia ndani yake kupitia milango midogo sana iliyomo kwenye utando wake, na dawa ya ganzi huiziba milango hiyo kutokea ndani. Ili ifike huko ndani ni lazima kwanza ipenye utando wa neva, na sehemu ya dawa inayoweza kupenya ni ile isiyo na chaji ya umeme. Katika nyama yenye afya, ambayo pH yake, yaani kipimo cha asidi ambacho hushuka asidi inapozidi, ni kama 7.4, takriban robo ya lidokaini huwa katika hali hiyo, na robo hiyo inatosha. Nyama yenye uvimbe na usaha huwa na asidi zaidi. Ikiwa pH itashuka hadi 6, sehemu inayoweza kupenya hubaki karibu asilimia 1 tu. Isitoshe, mahali palipovimba damu hupita kwa wingi na kuiondoa dawa kabla haijakaa, na neva zenyewe huwa zimeamshwa kiasi kwamba hata mguso mdogo huzishtua.

Hapo ndipo lilipo tatizo la fizi yako iliyovimba. Kuchoma dawa ndani ya uvimbe wenyewe kunauma, kunaweza kuusambaza usaha, na faida yake ni ndogo. Ndiyo maana kwa gego la chini daktari huipeleka sindano mbali na jino, ndani kabisa ya kinywa nyuma ya magego ya mwisho, ambako neva inayohudumia meno yote ya upande huo inaingia kwenye mfupa wa taya. Huko nyama kwa kawaida ni nzima na dawa hufanya kazi yake bila kusumbuliwa na asidi ya uvimbe. Kama pana jipu lililokusanya usaha, kulitoboa na kuutoa usaha hupunguza maumivu na huipa ganzi nafasi. Antibiotiki peke yake haiondoi chanzo cha ugonjwa, kwa hiyo usikubali kukaa nayo wiki nenda wiki rudi ukingoja jino litulie. Na ikiwa kabla ya siku yako uvimbe utashuka kuelekea shingoni, au ukapata homa, au ukashindwa kufungua kinywa au kumeza vizuri, usisubiri miadi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa niseme juu ya sindano yenyewe, kwa sababu naamini sehemu kubwa ya yaliyokupata mara ya kwanza ilitokea hapa. Mfupa wa taya la juu una vitundu vidogo vingi, kwa hiyo dawa ikiwekwa kando ya mzizi hupenya na kulifikia jino. Mfupa wa taya la chini mahali palipo magego ni mnene na mgumu, na dawa iliyowekwa juu yake hupenya kwa shida. Kwa hiyo daktari hulazimika kuilenga neva kuu kabla haijaingia mfupani, akiongozwa na alama za kinywani ambazo hutofautiana kati ya mtu na mtu. Hata mikono yenye uzoefu mkubwa huikosa mara moja moja, na mtu akikuambia kwamba yeye haikosi kamwe, nakushauri usimwamini. Tena kung'oa gego la chini huhitaji neva tatu zilale: ile kuu ya taya, ile ya ulimi inayopita jirani yake, na ile ya shavu, ambayo hupita njia yake yenyewe na huhitaji sindano yake ndogo ya pembeni. Ikisahauliwa hiyo ya tatu, jino linaweza kuwa limekufa ganzi kabisa huku fizi ya upande wa shavu ikiendelea kuuma pale chombo kinapoigusa.

Katika barua yako umesema kwamba ulisubiri kidogo. Ganzi ya neva kuu kwa lidokaini huchukua kama dakika 3 hadi 5 kuanza, na kwa watu wengine zaidi ya hapo. Dalili ya kwanza unayopaswa kuisikia ni nusu ya mdomo wa chini kufa ganzi hadi katikati ya kidevu, pamoja na upande mmoja wa ulimi. Mdomo ukiwa bado una hisia zake za kawaida, jino halijawa tayari, na una haki ya kusema hivyo. Mdomo kufa ganzi nako si uthibitisho kamili kwamba kiini cha jino kimelala, kwa kuwa zipo neva ndogo za ziada zinazoweza kulifikia gego kutoka upande wa ndani wa taya. Lakini bila mdomo kufa ganzi hakuna sababu yoyote ya kuanza.

Shemeji yako amesema kweli kuhusu asilimia, ila hesabu aliyoijenga juu yake haisimami. Asilimia inaonyesha wingi wa dawa ndani ya maji yake: lidokaini ya asilimia 2 ina miligramu 20 katika kila mililita, na atikaini ya asilimia 4 ina miligramu 40. Haionyeshi nguvu ya dawa. Bupivakaini hutumika kwa asilimia 0.5 tu, nayo kwa uzito ina nguvu takriban mara 4 ya lidokaini. Kila dawa hutengenezwa kwa kiwango kinachoifaa, na namba kubwa kwenye kichupa humaanisha zaidi kwamba kiwango cha juu kinachoruhusiwa mwilini kitafikiwa kwa vichupa vichache zaidi.

Ubora halisi wa atikaini uko kwingine. Dawa nyingine za ukoo huu zimejengwa juu ya duara la benzini, lakini atikaini imejengwa juu ya duara lenye salfa, jambo linaloifanya iyeyuke vizuri katika mafuta na hivyo kupenya tando na mfupa kwa urahisi zaidi. Ilianza kutumika Ujerumani katika miaka ya 1970, na Marekani iliiruhusu mwaka 2000. Pale dawa inapowekwa kando ya gego la chini kwa upande wa shavu, ambapo nimesema kwamba lidokaini hupenya kwa shida, atikaini huonyesha tofauti ya wazi, nayo ni msaada mkubwa inapoongezwa juu ya sindano ya neva kuu ambayo haikutosha. Katika meno ya juu huweza hata kupenya hadi upande wa kaakaa, na wagonjwa wengine huepushwa na sindano ya kaakaa, ambayo ni miongoni mwa zinazouma sana kinywani. Tena mwili huivunja haraka: sehemu kubwa huvunjwa ndani ya damu yenyewe, na nusu yake huondoka kwa muda wa dakika 20 hadi 30 hivi, ilhali lidokaini huvunjwa na ini na huchukua kama dakika 90 au zaidi kufika nusu. Kwa mtu mwenye ini dhaifu, au anayehitaji kuongezewa dawa, tofauti hiyo ina maana.

Lakini inapochomwa kwenye neva kuu, atikaini haijaonyesha faida kubwa kuizidi lidokaini, na pana tahadhari moja. Kumekuwa na taarifa za wagonjwa waliobaki na ganzi ya muda mrefu ya ulimi au mdomo baada ya sindano ya neva kuu yenye dawa za asilimia 4, yaani atikaini na prilokaini. Wataalamu hawakubaliani kama chanzo ni dawa au ni sindano yenyewe kuigusa neva, na jambo hilo ni nadra kwa vyovyote vile. Hata hivyo, kwa kuwa lidokaini mahali hapo hufanya kazi sawasawa, sioni sababu ya kuukaribisha uwezekano huo, na ndiyo maana nimekupendekezea lidokaini nyuma ya taya na atikaini kando ya jino. Daktari wako akichagua atikaini kwa sehemu zote mbili, usimwone mzembe, kwani wapo madaktari wengi makini wafanyao hivyo.

Kuhusu mzio, nisingependa uendelee kulibeba neno hilo bila uhakika. Zamani ganzi kuu ya meno ilikuwa prokaini, iliyoanza kutumika mwaka 1905 baada ya kutengenezwa na mkemia Mjerumani Alfred Einhorn, nayo ilikuwa na sifa mbaya ya kuwaletea mzio baadhi ya watu kwa sababu ya kemikali inayotokana nayo inapovunjwa. Mwaka 1943 Nils Löfgren wa Sweden alitengeneza lidokaini, ambayo wengine huiita lignokaini, iliyo ya ukoo mwingine, na tangu dawa za ukoo huo zilipochukua nafasi, mzio wa kweli wa ganzi ya meno umekuwa nadra sana. Mzio huonekana kwa vipele na muwasho, uvimbe wa uso, midomo au koo, kifua kubana na pumzi kutoka kwa mlio. Wewe ulipata moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na jasho, na hali ikapita kwa muda mfupi bila matibabu. Hizo ni dalili zinazolingana na adrenalini iliyoingia kwa haraka kwenye damu, au na hofu na maumivu uliyokuwa nayo, na huenda zote kwa pamoja, maana mtu anayeumizwa hutoa adrenalini yake mwenyewe kwa wingi.

Huo si mzio, lakini haimaanishi kwamba ulikuwa ukijiwazia tu. Ulichokisikia kilikuwa kweli na kina namna ya kuzuilika. Daktari anapaswa kuvuta bomba la sindano nyuma kidogo kabla ya kusukuma dawa, ili aone kama ncha imeingia kwenye mshipa wa damu, na kisha asukume polepole, karibu mililita 1 kwa dakika. Mweleze wazi kilichotokea, kwa maneno haya uliyoniandikia mimi, badala ya kumwambia kwa kifupi kwamba una mzio. Ukisema mzio, daktari mwangalifu atalazimika kuziweka kando dawa zote zilizo bora kwako. Ikiwa bado una shaka, mtaalamu wa mzio anaweza kukupima kabla ya siku hiyo. Pia taja kama una pumu, kwa kuwa ganzi yenye adrenalini huwekewa kihifadhi cha jamii ya salfaiti ambacho baadhi ya wenye pumu huathirika nacho. Mepivakaini isiyo na adrenalini haina kihifadhi hicho.

Sasa adrenalini na presha yako. Karibu dawa zote za ukoo huu, kwa asili yake, huitanua mishipa ya damu, na lidokaini huitanua sana. Bila adrenalini ya kuibana mishipa hiyo, dawa huchukuliwa na damu mapema mno, kiasi kwamba kiini cha jino huweza kuwa kimelala kwa dakika 5 hadi 10 tu. Ikichanganywa na adrenalini, hulala kwa saa 1 hivi, na mdomo hubaki na ganzi kwa saa 3 hadi 5. Adrenalini pia hupunguza kuvuja damu kwenye tundu la jino, na huzuia dawa isiingie mwilini yote kwa mkupuo.

Kiasi chenyewe ni kidogo sana. Katika mchanganyiko wa 1 kwa 100,000, kila mililita ina miligramu 0.01 ya adrenalini, kwa hiyo kichupa cha mililita 1.8 kina miligramu 0.018. Kwa wagonjwa wa moyo, kikomo ambacho madaktari wengi hukifuata ni miligramu 0.04, yaani vichupa viwili vya mchanganyiko huo. Upo mchanganyiko mkali zaidi wa 1 kwa 80,000, na upo hafifu zaidi wa 1 kwa 200,000 ambao hupatikana pamoja na atikaini. Kwa mtu mwenye 140/85, anayetumia dawa zake bila kukosa, kichupa kimoja au viwili vikichomwa polepole havina hatari inayolingana na ile ya kung'olewa jino akiwa na maumivu. Kwa maoni yangu, kumnyima mgonjwa wa presha ganzi ya kutosha kwa jina la kumlinda ni kumpandisha presha kwa njia nyingine. Amlodipini haigombani na adrenalini. Ungekuwa unatumia propranololi, dawa nyingine ya presha, ningekushauri vingine, kwa kuwa dawa hiyo ikikutana na adrenalini inaweza kupandisha presha ghafla. Vivyo hivyo zipo dawa za zamani za sonona ambazo huongeza makali yake. Kwa hiyo mpelekee daktari orodha ya dawa zako zote, meza amlodipini yako asubuhi ya siku hiyo kama kawaida, na uombe upimwe presha kabla ya kuchomwa. Ikifika 180/110 au kuizidi, kazi iahirishwe hadi itulizwe.

Mepivakaini ya asilimia 3 ndiyo huitwa pale adrenalini isipofaa. Yenyewe haiitanui mishipa sana, kwa hiyo huweza kusimama peke yake, lakini muda wake ni mfupi: kama dakika 20 kwa sindano ya kando ya jino, na hadi dakika 40 kwa sindano ya neva kuu. Ina sifa nyingine inayowavutia baadhi ya madaktari penye uvimbe, kwamba sehemu yake isiyo na chaji ni kubwa kidogo kuliko ya lidokaini, ingawa mimi siioni kuwa tofauti ya kutegemewa. Jino ambalo limebaki ukuta mmoja huvunjika kwa urahisi likishikwa, na mizizi ya gego ikilazimika kutenganishwa na kutolewa mmoja mmoja, dakika 40 huweza kuisha kazi ikiwa katikati. Hiyo ndiyo sababu ya kuiweka akiba. Ipo pia prilokaini iliyochanganywa na felipresini, dawa nyingine ya kubana mishipa ya damu, ambayo haiushtui moyo kama adrenalini. Haizuii damu kuvuja kwa kiwango cha adrenalini, felipresini huepukwa kwa wajawazito, na prilokaini kwa wingi huweza kuiharibu damu isibebe oksijeni vizuri, hasa kwa wenye upungufu wa damu.

Kaka yako alipewa bupivakaini kwa sababu inayoeleweka. Gego lililokwama mfupani hutolewa kwa upasuaji unaoacha maumivu makubwa, na dawa hiyo, ingawa huchelewa kuanza kwa dakika 6 hadi 10 na wakati mwingine zaidi, huendelea kuutuliza mdomo kwa saa nyingi, pengine hata saa 12. Kukaa muda mrefu hakumaanishi kwamba inazima maumivu kwa ukamilifu zaidi jino linapotolewa. Tena ni dawa ambayo ikiingia kwenye damu kwa wingi huusumbua moyo kuliko zile nyingine. Kwa jino linalotolewa kwa njia ya kawaida, maumivu ya baadaye hutulizwa vizuri na parasetamoli iliyomezwa kabla ganzi haijaisha. Ibuprofeni nayo ni nzuri sana kwa maumivu ya meno, ila huweza kupandisha presha, kwa hiyo muulize daktari wako kwanza, na ikiruhusiwa iwe kwa siku chache tu.

Jambo jingine litakalokuondolea hofu ukiwa kwenye kiti ni kujua utasikia nini. Ganzi huzilaza kwanza nyuzi nyembamba za neva zinazobeba maumivu, na zile nene zinazobeba hisia ya kusukumwa hubaki zikifanya kazi kwa kiasi fulani. Kwa hiyo utasikia jino likisukumwa na kutikiswa, na huenda ukasikia mlio wa mfupa. Hilo ni la kawaida kwa dawa yoyote utakayopewa. Maumivu makali, yenye ncha, si ya kawaida. Kubaliana na daktari kabla hajaanza kwamba ukiinua mkono wa kushoto atasimama, na akisimama aweke atikaini kando ya jino, au achome dawa kidogo katika nafasi nyembamba iliyo kati ya jino na mfupa, ambako huanza kufanya kazi papo hapo ingawa haidumu sana.

Kuhusu mjukuu wako, dawa ni zile zile lakini hesabu ni nyingine, nayo hupigwa kwa uzito wa mwili. Kwa lidokaini, madaktari wengi hawavuki miligramu 4.4 kwa kila kilo ya mtoto. Mtoto wa kilo 20 kikomo chake ni miligramu 88, na kichupa cha mililita 1.8 cha asilimia 2 kina miligramu 36, kwa hiyo vichupa viwili vinamkaribisha kabisa kwenye kikomo. Jino la utotoni kwa kawaida halihitaji hata kimoja kizima. Atikaini haipendekezwi kwa watoto walio chini ya miaka 4, naye amekwisha kuuvuka umri huo, lakini kichupa chake kina dawa maradufu na hesabu yake lazima ifanywe kwa uangalifu. Nakutahadharisha hasa kuhusu mepivakaini ya asilimia 3, ambayo watu huidhani salama zaidi kwa watoto kwa kuwa haina adrenalini: kichupa kimoja kina miligramu 54, na bila adrenalini ya kuichelewesha huingia kwenye damu haraka. Muulize daktari amempima uzito lini. Swali hilo si utovu wa adabu. Bupivakaini haimfai mtoto wa umri huo hata kidogo, kwani mdomo uliokufa ganzi kwa saa nyingi mtoto huutafuna bila kujua hadi ukavimba na kupata kidonda. Hata kwa lidokaini, akae karibu na mtu mzima kwa saa 3 hadi 5, asipewe chakula cha kutafuna wala kinywaji cha moto hadi atakapousikia mdomo wake, na akiuuma usimkamue wala kumpaka chochote kikali. Mkande kwa kitambaa baridi na umrudishe kwa daktari ikiwa uvimbe unaongezeka.

Kwako wewe, ikiwa sehemu ya ulimi au mdomo itaendelea kuwa na ganzi hadi siku inayofuata, mpigie daktari wako na umweleze ni sehemu ipi hasa, ili aichore kwenye faili na kufuatilia inavyopungua. Hali hiyo mara nyingi hurudi yenyewe kwa wiki kadhaa au miezi, lakini hufuatiliwa vizuri ikiwa mipaka yake iliandikwa tangu mwanzo.